Kijiti Kilichonusa Samaki

Kila ninapohama, na nimehama mara nyingi, kuna vitu viwili ninavyovitafuta kabla sijafunga mlango: cheti changu cha kidato cha nne na kijiti cha chuma cha kuchokonolea meno. Cheti hakijaombwa na mtu kwa miaka mingi. Kijiti nakitumia kila siku.

Ni kifupi, hakizidi kidole cha shahada. Ncha moja imechongoka, nyingine imepindwa kama kijiko kidogo cha kutolea nta sikioni. Kina ala yake ya chuma yenye kipete, nami hukiweka katika mfuko wa shati. Nimezibulia jiko la mafuta ya taa, nimetobolea mkanda tundu jipya nilipokonda, nimetolea miiba, nimekazia skrubu za miwani. Baada ya chakula kinafanya kazi yake halisi, kisha nakiosha na kukifuta kwa leso. Wakati wa kukifuta hujikuta nimekipitisha chini ya pua. Mkono unafanya wenyewe. Mke niliyekuwa naye Geita aliwahi kuniuliza ninanusa nini, nikamwambia ni mazoea. Hakuuliza tena, ila aliacha kupika samaki.

Nilikipata Mwanza mjini, katika miaka ile biashara ilipofunguliwa. Nilikuwa nimemaliza shule, sina kazi, nikachukuliwa na mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa na duka la zana na pembejeo. Rafu ambazo nilipokuwa mtoto zilikuwa na mipini ya majembe na vumbi tupu, sasa zilijaa hadi darini: kufuli, tochi, nyembe, vikombe vya plastiki vya rangi zisizokuwapo duniani hapo kabla. Siku moja likaja boksi la vijiti vya meno vya mti, vimepangwa katika vikopo. Mzee akachukua kimoja, akakivunja kwa vidole viwili, akacheka. Akafungua droo na kutoa vijiti viwili vya chuma. Kimoja kilikuwa cha marehemu baba yake, cha pili alichongewa na sonara wa hapo hapo mjini. Akanipa hicho cha pili.

"Hiki hakitupwi, kinaoshwa," aliniambia. "Usimwazime mtu. Na usikitie mahali ambapo usingetia ulimi wako."

Nilidhani ni maneno ya usafi tu, kwa sababu miaka ile kila mtu alikuwa na hofu ya kuchangia nyembe na sindano. Nilimjibu ndiyo mzee, nikakitia mfukoni.

Katika duka lile tuliuza pia dawa ya pamba, ya kuulia wadudu. Zamani dawa hiyo ilitoka ushirika, kwa msimu, na mkulima aliandikishwa. Sasa mtu yeyote alikuja na chupa ya soda, nami nikampimia. Mwishoni nilianza kuwaona wateja wa namna nyingine. Walikuja nje ya msimu, kandambili zao zina mchanga wa ziwani, viganja vyao vina makovu membamba ya kamba za nyavu. Hawakuuliza dawa inachanganywaje na maji, wala inatosha ekari ngapi. Mzee alimkatalia mmoja wao, akamwambia aende salama. Mimi, mzee alipokuwa hayupo, niliwapimia wote. Sikuuliza kitu.

Mzee alipougua, duka likashikwa na mpwa wake, naye akaja na watu wake. Nikafunga begi nikahamia Kirumba kwa mama mdogo.

Huyo alikuwa mdogo wake mama yangu, mjane, mwenye chumba kimoja na benchi la chakula karibu na soko la samaki la Mwaloni. Nasema benchi, lakini yalikuwa mabenchi matatu, meza, jiko la mkaa na karai kubwa la kukaangia. Wabeba mizigo wa soko walimwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, hata wale waliomzidi umri. Wengi wa mama ntilie wa pale walikuwa wakikaanga mapanki, ile mifupa ya sangara iliyobaki baada ya viwanda kuchukua minofu. Mama mdogo alikuwa bado anakaanga sato mzima. Alikuwa na desturi moja ambayo watu walimpendea: kichwa cha samaki wa kwanza alikila mwenyewe, kwa mikono, amesimama mbele ya wateja. Baada ya hapo ndipo alipoanza kupakua.

Nililala sakafuni kwake kwa miezi minane. Nilibeba maji, nilipuliza mkaa, niliosha masinia. Hakuwahi kunisema, na kutosemwa kule kulinichoma kuliko kama angenisema.

Siku moja nilimwona pale Mwaloni mnunuzi wa kiwandani akikagua sangara. Alikuwa na waya mrefu uliochongoka, anauchoma nyuma ya kichwa kando ya uti wa mgongo, anauzungusha, anautoa na kuunusa. Samaki aliyeanza kuoza huanzia pale, hata kama macho bado yanang'aa. Nikajaribu kwa sato wa mama mdogo na kijiti changu. Kwa sato urefu wake ulitosha kabisa. Mara ya tatu nikamgundua samaki aliyelala barafuni siku mbili akauzwa kama wa asubuhi ile, na mama mdogo akamrudisha kwa muuzaji mbele ya watu. Kuanzia hapo hakununua bila mimi.

Ikawa mchezo wa kila asubuhi. Nilichoma, nikanusa, nikasema "wazima," halafu nikakifuta kijiti na kukitia mdomoni kama mtu aliyeshiba. Wateja walipenda hasa hiyo sehemu ya mwisho. Mbeba mizigo mmoja mwenye kifua kama pipa, aliyekuwa wa kwanza kufika siku zote, akanipa jina la daktari. Kila asubuhi aliuliza swali lile lile, mgonjwa anasemaje, na kila asubuhi watu walicheka.

Kisha yakaanza maneno ya sumu. Yalikuja kama uvumi wa kawaida: kuna watu kule visiwani hawatupi tena nyavu, wanamwaga dawa ya pamba kwenye maji yaliyotulia, samaki wanaelea, wanawaokota kwa mikono. Nilipoyasikia kwa mara ya kwanza nilikuwa naosha sinia. Niliendelea kuliosha hata lilipokuwa limetakata.

Hofu ikaingia sokoni. Upande wa pili wa barabara kulikuwa na mwanamke mwingine wa chakula. Mteja wake alitapika pale pale kwenye benchi, pengine kwa pombe aliyolala nayo, nani ajuaye. Jioni ile mabenchi yake yalivunjwa yakawa kuni. Watu walimfuata hadi nyumbani wakimwita muuaji, na wiki hiyo hiyo akahama Kirumba. Mama mdogo aliyaona yote akiwa amesimama nyuma ya karai lake. Hakuwa na shamba, hakuwa na mume, hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Benchi lile ndilo lililokuwa yeye.

Tulipokuwa tunafunga vyombo akaniuliza kama kijiti changu kinaweza kuonyesha sumu.

Nilijua hakiwezi. Niliipima ile dawa kwa mikono yangu karibu mwaka mzima. Nilijua inavyonuka ndani ya chupa, na nilijua kwamba ikishazama ziwani na kuingia katika nyama ya samaki hakuna pua itakayoiona. Lakini alikuwa ananiangalia kama mtu anayeangalia mlango, atoke au asitoke.

"Kitaonyesha, mama," nilisema. "Kilicho ndani ya nyama kitatoka na ncha."

Alishusha pumzi. Nilimwona akishusha pumzi, na nikafurahi, na hiyo ndiyo sehemu ninayoikumbuka kwa uchungu zaidi: kwamba nilifurahi.

Habari ikaenea kwamba kwa mayu samaki wanapimwa. Mabenchi mengine yalipokuwa matupu, yetu yalijaa. Watu walitoka hadi stendi kuja kuniona nikichoma.

Asubuhi ninayotaka kuisimulia, magugumaji yalikuwa yamefunga ufuko. Yalikuwa yameanza miaka michache nyuma kama maua mazuri ya zambarau pembeni ya maji, na kufikia wakati ule yalikuwa yanakuja usiku mmoja na kugeuza bandari kuwa shamba. Mitumbwi ilikwama nje, ikizunguka kutafuta njia. Mmoja tu ulipenya. Walioshuka hatukuwafahamu. Walikuwa na haraka, walitaka bei ndogo, na hawakukaa hata kunywa chai. Mama mdogo alipata tenga moja. Matenga mengine yalichukuliwa na wachuuzi wa baiskeli.

Tulimwaga samaki wetu juu ya meza. Macho yalikuwa maangavu, mashavu mekundu, nyama ngumu. Sijawahi kuona samaki wazuri vile. Walikuwa wa kila saizi. Wengine wangejaza sinia, wengine hawakuzidi kiganja, na katikati yao walikuwamo furu wadogo ambao hakuna mvuvi anayehangaika nao. Wavu huchagua. Wavu wa matundu makubwa humwachia mdogo apite, na aliyenaswa hubaki na alama ya uzi nyuma ya kichwa. Hawa hawakuwa na alama yoyote, na wote walikuwa wameachama vinywa.

Niliona. Sitaki kujitetea kwamba sikuona. Niliona kila kitu kwa muda unaotosha kuvuta pumzi moja, na katika muda huo huo niliona mabenchi matatu yamejaa watu, na mama mdogo ameshika kisu, anasubiri neno langu.

"Daktari," mbeba mizigo akasema, "mgonjwa anasemaje?"

Nikachoma. Nikazungusha. Nikanusa. Ilikuwa harufu ya ziwa tu na ya chuma.

"Mzima," nikasema.

"Kama ni mzima, mbona amelala?"

Watu wakacheka, na mama mdogo akacheka nao. Nikakifuta kijiti kwa leso, nikakitia mdomoni. Nchani mwa ulimi nilihisi kitu chembamba, kama mtu anapolamba betri ya redio kujua kama ina moto. Nikageuka pembeni nikatema mate. Nilijiambia ni chuma.

Mama mdogo akaparua magamba, akapasua matumbo, akatupa utumbo nyuma ya meza walikokuwa wanasubiri korongo. Wale ndege walikuwa kama wafanyakazi wa soko, wenye vipara na mifuko ya ngozi inayoning'inia shingoni, na hakuna aliyewajali. Wawili walidaka utumbo wetu wakaumeza. Karai likaanza kulia. Samaki wa kwanza akaiva, mama mdogo akamng'oa kichwa, akasimama mbele ya watu, akakila hadi kwenye mifupa, akanyonya vidole. Kisha akaniagiza mkaa.

Sikukawia. Niliporudi na kigunia begani, korongo mmoja alikuwa amepiga magoti. Sijui namna nyingine ya kusema. Miguu yake mirefu ilikuwa imekunjika, mbawa zimefunguka mavumbini kama mwavuli uliovunjwa na upepo, na kichwa kinatikisika kidogo kidogo. Wa pili alikuwa bado amesimama, lakini mdomo wake mkubwa ulikuwa unafunguka na kufungika bila kudaka kitu.

Mama mdogo alikuwa amejaza sinia la samaki waliokaangwa. Sahani ya kwanza ilikuwa mkononi mwake, ya yule mbeba mizigo, ugali upo tayari, bado kitoweo. Nilimsogelea kwa nyuma.

"Mama, usiwape."

"Kuna nini?"

"Korongo wanakufa. Wale waliokula utumbo wetu."

Hakugeuka. Aliendelea kutabasamu kuelekea kwa wateja. "Kijiti si kimesema ni wazima?"

"Kijiti hakijui sumu. Hakijawahi kujua."

"Tangu lini unalijua hilo?"

"Tangu siku uliyoniuliza."

Aliweka sahani chini taratibu sana. Akainama kama anayetafuta kitu chini ya meza, akatoa kidumu cha mafuta ya taa tulichokuwa tunawashia mkaa. Alipoinuka kilimponyoka mkononi, au ndivyo kila mtu alivyoona, na mafuta yote yakamwagika juu ya sinia la samaki. Harufu ikajaa hewani. Akajipiga paja, akajilaumu kwa sauti, akawaomba radhi. Watu wakasonya. Mbeba mizigo akasema leo mayu anataka tule tuwake kama taa, na wengine wakacheka, wakatawanyika kwenda kutafuta mapanki kwingine. Hakuna aliyeonja.

Aliniambia nibebe samaki wote, waliokaangwa na wabichi, nikawafukie mbali ambako mbwa hawatafukua. Nilipokuwa nanyanyua tenga akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Kichwa nilishakula."

Niliwafukia kwenye mabonde ya tope nyuma ya uwanja wa mpira. Nikiwa narudi na tenga tupu, nilikutana na mchuuzi mmoja akisukuma baiskeli iliyobeba matenga mawili, yamefunikwa majani mabichi. Yalikuwa ya mtumbwi ule ule, niliyatambua kwa kamba zake. Alisimama kukaza mpira wa kufungia mzigo. Akanisalimu, akasema anaelekea Buswelu, huko samaki wabichi hawafiki mara nyingi na watu watafurahi. Nilikuwa na neno mdomoni. Nililiona lilivyo: nikimwambia, atauliza nimejuaje, na nikimwambia nimejuaje, kabla ya mchana Mwaloni yote itajua samaki hao walikaangwa kwa nani.

"Safari njema," nilimwambia.

Akapanda baiskeli. Nilisimama nikiyatazama yale majani mabichi mpaka barabara ilipopinda.

Nyumbani nilimkuta mama mdogo amekaa sakafuni, mgongo ukutani, beseni kati ya miguu. Alikuwa ameshakunywa maziwa lita nzima na kuyatapika. Midomo ilikuwa inamcheza. Alisema kichwa kinamgonga na mikono haimsikii, kama vile si yake. Nikamwambia tuende hospitali, nitamtafutia gari, nitambeba.

"Watauliza nimekula nini."

"Tutasema hatujui."

"Na wewe unaweza kusema hujui?" Alinitazama. "Hapana, wewe kweli unaweza."

Hakusema kwa hasira. Alitaka nimnunulie maziwa mengine, na kila atakayeuliza nimwambie ni malaria. Nikabaki naye. Mchana ule alishikwa na mtetemeko mara mbili, taya zimekaza, nami nilikunja leso yangu nikaiweka kati ya meno yake asijing'ate. Baada ya wa pili alilala macho yakiwa nusu wazi. Nilikuwa namhesabia pumzi. Majirani walipita mlangoni, wakauliza hali, nikasema malaria, wakasema malaria ya mwaka huu ni mbaya, wakaacha ndimu na kwenda zao. Hakuna hata mmoja aliyeshangaa.

Kila nilipofunga macho niliona chupa za soda zimepangwa juu ya kaunta, na mkono wangu ukimimina bila kumwaga hata tone.

Siku ya tatu alikaa. Siku ya nne alioga mwenyewe, akanywa uji. Mkono wa kushoto ulibaki na kutetemeka kidogo, na ninavyosikia haukupona kabisa. Muda wote huo hatukuzungumza juu ya kijiti. Nilikuwa nimeamua kwamba akipata nguvu nitaondoka, nikavuke ziwa kutoka Kigongo kwenda Busisi na kuendelea mbele. Na kweli niliondoka, wiki hiyo hiyo, na sijakaa popote zaidi ya miaka mitatu tangu wakati ule. Habari za Buswelu sikuzipata. Nilipanda kivuko kabla hazijanifikia, kama zilikuwapo.

Lakini kwanza kulikuwa na asubuhi ya tano. Aliniamsha mapema, tukaenda Mwaloni. Alichagua samaki mwenyewe, polepole, akiwageuza mmoja mmoja, akitafuta alama ya uzi nyuma ya kichwa kwa kidole cha mkono wake mzima. Alichukua wa saizi moja tu, kutoka kwa mvuvi aliyemjua tangu mumewe yuko hai. Nilifikiri basi, yamekwisha, sasa anajua njia yake. Kijiti nilikuwa nimekificha ndani ya begi, nililokuja nalo na kuliweka chini ya meza.

Jiko likawashwa. Watu wakaanza kuja, lakini hawakukaa. Walisimama mbali kidogo na mabenchi, mikono mifukoni, wakitazama meza, wakimtazama yeye aliyekuwa amekonda ghafla, wakinitazama mimi. Siku nne ni nyingi kwa midomo ya soko. Mbeba mizigo alikuwa mbele yao na hakuuliza swali lake.

Mama mdogo akapanga samaki mezani, mmoja kando ya mwenzake. Mkono wa kushoto aliuficha chini ya kanga. Akanigeukia, akasema kwa sauti ambayo kila mtu angeisikia:

"Choma, mwanangu. Watu wana njaa."

Nilimtazama nione kama ananidhihaki. Hakuwa ananidhihaki. Alikuwa ananiangalia vilevile kama jioni ile aliponiuliza, ila safari hii alikuwa anajua jibu.

Nikaenda kwenye begi, nikatoa kijiti katika ala yake. Nikachoma nyuma ya kichwa, nikazungusha, nikanusa.

"Mzima," nikasema.

Nikakifuta kwa leso, nikakitia mdomoni, na watu wakaanza kukaa.